Waitikiaji Niliowatoa

Yule bwana alipokuja kutaka sauti ya mkewe, hakuingia ndani. Alisimama kwenye saruji ya mbele ya duka langu hapa Konde, mahali pale pale ambapo zamani alivunja kaseti kwa kisigino, akanitolea salamu. Salamu yake ya kwanza kwangu tangu uchaguzi ule. Nikaitikia, maana kuitikia salamu ni faradhi na mie siachi faradhi kwa ajili ya mtu kama yeye. Lakini sikumwambia karibu.

"Mwenzangu," akasema, "nasikia zile kazi zako za zamani unazo bado."

"Ninazo."

"Ule wimbo wa hodi. Wa yule marehemu."

"Marehemu yupi? Mie ninao wawili mle ndani."

 Alijua nasema nini. Wimbo ule aliuanzisha mkewe, na walioitikia walikuwa wanawake wa kikundi chao cha arusi, na miongoni mwa waitikiaji alikuwamo mke wangu. Wote wawili sasa wako udongoni. Wangu alitangulia, kwenye miaka ile mibaya. Wake alimfuata baadaye sana, mambo yalipokwisha kutulia na watu kurudi kuzikana.

"Sura naiona," akasema, anatazama miguu yake. "Nikifumba macho naiona. Sauti ndiyo imenitoka. Nakaa nasema leo itanijia, haiji."

Nikamwambia nitatazama. Akaondoka na mkongojo wake, na mie nikarudi ndani, nikakaa kitini, nikacheka peke yangu. Tena nikacheka mpaka nikakohoa. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo muda mrefu, wala sikuwa najua kwamba itakuja kwa miguu yake yenyewe.

Nieleze mambo yalivyokuwa, maana ukiwaambia watoto wa leo kwamba watu wa Konde walisusiana hadi maziko, wanadhani unatia chumvi.

Mie sikusoma. Skuli nilifika darasa la tatu, nikatolewa nikachume karafuu. Kila ninachokijua nimekijua kwa kukivunja na kukiunga tena. Nilianza na redio za watu, nikaja vipaza sauti vya kukodisha maarusini, nikafungua duka la kaseti, na mwisho nikawa na studio. Studio yenyewe kilikuwa chumba cha nyuma ya duka, ukutani nimetundika magunia ya karafuu yasiyo na kazi ili sauti isirudi, na kila aliyeimba mle alitoka ananuka kama ghala. Kompyuta niliinunua Unguja, mtumba, nikaivusha imeviringishwa ndani ya godoro kama mgonjwa. Mwenye kuniuzia alinipa na programu ya kurekodia muziki, akanionesha pa kubonyeza pa kuanza na pa kubonyeza pa kusimamisha. Mengine nikajifunza mwenyewe. Kiingereza sikijui, lakini neno likikaa mahali pamoja kila siku unalijua kama unavyomjua jirani, huna haja ya kumsoma.

Uzuri wa programu ile ni kwamba kila sauti inakaa kwenye mstari wake. Unamrekodi mwanzilishi huku, waitikiaji huku, dufu huku, kisha unawapandisha na kuwashusha utakavyo. Kikundi cha kina mama kilipokuja kurekodi wimbo wa hodi, niliweka vipaza sauti vyote nilivyokuwa navyo. Mwanzilishi nikampa chake. Dufu chake. Waitikiaji wote wakabanana kwenye kimoja, isipokuwa mke wangu. Yeye nilimpa cha peke yake. Wenziwe wakalalamika.

"Bi mkubwa kapewa kiti cha mbele!" mmoja akasema.

"Kapewa kwa vile mashine ya nani?" nikawajibu. "Nanyi olewani na fundi."

Wakacheka wote, na mke wa yule bwana alicheka kuliko wote. Walikuwa mashoga, yeye na mke wangu. Nazi ya huyu ilikunwa kwenye mbuzi ya yule. Wimbo aliutunga yeye, wa kumpokea bwana arusi mlangoni. Mwanzilishi anabisha:

*Hodi wenyewe wa nyumba, mgeni yu mlangoni.*

Na waitikiaji wanamjibu:

*Karibu mkeka chini, karibu ukae nasi.*

Hauna mengi zaidi ya hayo. Lakini ulipigwa kila arusi kuanzia hapa mpaka Wete.

Kisha zikaja kampeni. Chama chenye watu wengi hapa kwetu kilikuja kurekodi nyimbo zake kwangu, nikazirekodi. Baada yake wakaja wanawake wa chama cha upande wa pili, nao nikawarekodi. Mie ni fundi. Mwenye koo na aje. Kura yangu niliipiga kimya kimya, hamuijui na hamtaijua.

Kosa nililifanya wapi? Kwenye jogoo. Nilikuwa na jogoo aliyekuwa na tabia ya kuwika kila nikibonyeza pa kuanzia, kama aliyeajiriwa, na Konde nzima ilimjua. Gari la kampeni la upande wa pili likapita sokoni na spika zake, wimbo unalia, na katikati ya wimbo jogoo wangu akawika. Soko zima likageuka kutazama dukani kwangu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, yule bwana akasimama barazani. Wakati ule alikuwa mtu wa kusikilizwa. Akisema duka fulani lisinunuliwe, halinunuliwi. Akisema gari fulani lisipandwe, watu wanatembea kwa miguu. Akanitaja mie. Nisinunuliwe, nisisalimiwe, nisialikwe, nisizikiwe. Hakuja kuniuliza kwanza, wala hakumtuma mtu. Kisha akavuka barabara na kapu la kaseti zilizotoka kwangu, akazimwaga kwenye saruji, akaanza kuzivunja kwa kisigino, na watu wanapiga makofi. Aliyoanza nayo ilikuwa ile ya wimbo wa hodi. Mkewe alikuwa amesimama upenuni pa jirani, ukaya umemfunika nusu ya uso, anaitazama sauti yake inavunjwa na mumewe. Hakusema kitu.

Hilo la biashara ningelisamehe. Mtu akifunga duka anarudi kulima, na muhogo hauulizi chama. Lakini mke wangu alikuwa mgonjwa, na kabla hakujatulia akafa.

Kwetu jeneza halichoshi mtu. Unalibeba hatua chache, mwenzako ameshatia bega, unasogea nyuma, watu wanapokezana mpaka makaburini na wengine wanakosa nafasi wanabaki kugusa tu. Siku ile tulilibeba mie na ndugu zake waliokuja kutoka Gando. Hakuna aliyetupokea. Tulipopita barazani walikuwa wamekaa, wamejaa, vikombe vya kahawa mkononi, na hawakuinuka. Hata kafiri akipitishwa watu huinuka. Nilimtazama yule bwana, naye akakitazama kikombe chake. Shemeji yangu mmoja, mtu mzima, alikuwa anahema kama ng'ombe, bega limemtoka damu, na bado alinong'ona: "Usisimame, shemeji. Tukisimama watatuona tumechoka."

Niseme na hili, kwa kuwa mie si mwongo. Mke wa yule bwana alikuja. Alipita migombani, akaingia kwa mlango wa uani, akamwosha mwenziwe kwa mikono yake, akaondoka kwa njia ile ile. Nilisikia aliporudi kwake aliambiwa akirudia ataachika. Basi ninayemdai ni mumewe, huyo bibi mwenyewe simdai. Yeye ndiye anayenidai mie.

Sasa mnaona nilichokuwa nacho mkononi siku ile mzee alipokuja na mkongojo.

Tatizo ni kwamba sikuwa nacho. Kompyuta ilikuwapo, nimeifunika kwa plastiki. Nilipoiwasha ilinguruma, ikafikiri, ikawaka. Diski ya kazi zangu ilikuwa nzima, na majina ya nyimbo yote yapo. Lakini programu ya kurekodia haikuwamo. Nikakumbuka: nyuma huko mashine iliugua, nikaipeleka kwa fundi Wete, akaifuta yote isipokuwa diski ya kazi zangu, akaipandishia mfumo upya, akanirudishia imepona, nami sikuwa na kazi ya kurekodi wakati ule, nani angekuja? Programu ilikwenda na maradhi. Sidii yake, ile sahani ya kuitilia programu, niliitafuta dukani nikaikuta chini ya kabati, imeota ukungu kama mkate.

Nikaifunga kompyuta kwa kanga, nikenda nayo Chake, Madungu, kwa mama mmoja anayetengeneza kompyuta na kukodisha intaneti kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Kila mtu anamwita Bi Fundi, basi nami namwita hivyo. Akaifungua akachungulia ndani.

"Mzee, hii umeitoa makumbusho?"

"Hiyo ni mtoto. Ungeiona redio yangu."

Akajaribu kuitia programu ile ile, ya siku hizi. Mashine ikakataa katakata: mfumo wake mzee, kumbukumbu haitoshi, hata kioo ilisema kidogo. Akaichomoa diski yangu akaichomeka kwenye kompyuta yake mpya, yenye hiyo programu mpya. Hapo faili likafunguka. Mistari yote ikaonekana, minne, imejipanga. Nikasogeza kiti. Akabonyeza.

Kimya. Mistari inakwenda, sauti hakuna.

"Imeona vitanda lakini watu hawamo," nikasema.

"Ndivyo ilivyo, mzee wangu. Toleo jipya halijui namna la zamani lilivyokuwa linahifadhi sauti. Wenyewe waliacha huko nyuma. Inatakiwa lile lile toleo lako, na litiwe kwenye mashine hii hii yako. Lilikuwa la ngapi?"

Nitajuaje? Namba sikuziangalia kamwe. Nikamwambia ninachokijua: likifunguka, kabla ya yote, ilikuwa inatokea picha ya gitaa la rangi ya chungwa, limelala ubavu.

"Gitaa la chungwa," akasema. Akanitazama kama ninamchezea. Kisha akavuta kiti. "Haya. Tutafute gitaa la chungwa."

Nilikuwa nadhani programu ikizeeka inatupwa, kama kaseti. Kumbe wapo watu duniani huko wanaozikusanya. Wana kurasa zao kwenye intaneti, wameyapanga matoleo ya zamani moja moja, kila moja na mashine inayolifaa, kwa ajili ya watu wasiotaka au wasioweza kununua kompyuta mpya. Hawa wenye programu yangu walishaliachia lile la kale bure, hawana tena haja nalo. Niliwapenda watu wale bila kuwaona. Wakaidi kama mie.

Lakini kulipata si lelemama. Ukurasa wa kwanza ulitupa kitu ambacho hakikuwa programu, kilikuwa virusi, na Bi Fundi akashinda kutwa anasafisha na kulaani. Wa pili ulitupa toleo zima, likakubali kuingia, likafunguka na picha ya mawimbi ya buluu.

"Hili?"

"Silo. Nimekwambia gitaa."

"Tujaribu tu."

Likajaribiwa. Likasema faili hili limetengenezwa na toleo la baadaye kuliko mimi, siwezi. Tukasogea mbele, tukapata jingine, hilo nalo likasema mashine ni kuukuu mno. Nyuma yake, mbele yake. Umeme ukakatika faili linashuka, likaanza upya. Nilirudi Konde, nikenda tena Chake, nikarudi. Bi Fundi akawa akiniona mlangoni anasema, "Kaja mume wa gitaa." Aliniuliza wimbo wenyewe una nini hata nisumbuke hivi. Nikamwambia una watu wawili waliokufa, na mmoja aliye hai ambaye ninataka kumwona uso.

Hakuuliza tena. Siku moja nimekaa pale nakunywa chai yake, akasema, "Mzee, hebu njoo." Kiooni gitaa la rangi ya chungwa, limelala ubavu.

Nikasema Alhamdulillahi, na Mungu anisamehe, sikuwa nashukuru kwa moyo mwema.

Akaenda mbele kwa wateja wake, akaniacha na mashine. Mkono wangu ulikumbuka wenyewe pa kubonyeza. Nikaifungua mistari mmoja mmoja. Dufu. Waitikiaji. Kisha mstari wa mke wangu, peke yake. Kabla ya wimbo kuna ukimya kidogo, na ndani ya ukimya ule akasema, kwa sauti yake ya kunisumbua, "Ushawasha wewe?" Na mie kwa mbali najibu, "Imba, mwanamke." Na jogoo akawika.

Sikulia. Wengine wangelia. Mie nilishikwa na hasira mpya, ya moto, kana kwamba jeneza lilikuwa bado begani. Mtu mwenye sauti kama ile alipitishwa mbele ya watu waliokaa na vikombe.

Ndipo nikafungua mstari wa mwanzilishi, wa yule bibi, uliokuwa mzima kabisa, unapanda kama zamani. *Hodi wenyewe wa nyumba, mgeni yu mlangoni.* Na papo hapo nikajua la kufanya. Nikawazima waitikiaji. Nikamzima mke wangu. Nikaacha mwanzilishi na dufu. Nikasikiliza. Anabisha hodi, dufu linapiga, mahali pa kujibiwa panapita patupu, anabisha tena. Hodi. Hakuna mtu. Hodi. Hakuna mtu. Mpaka mwisho wa wimbo.

Bi Fundi alirudi, akasikia kipande.

"Mzee, huu wimbo haujakamilika. Waitikiaji wako wapi?"

"Nimewatoa."

"Hodi bila karibu?"

"Ndivyo alivyonipa yeye. Nitilie kwenye flashi."

Akanitilia. Lakini usoni hakufurahi, na chai ya pili sikupewa.

Flashi nilimpelekea mwenyewe. Nilimkuta upenuni kwake, nikamwekea mkononi, nikageuka. Hakupita muda kaja, mara hii bila kusimama nje. Aliingia mpaka kwenye meza ya duka. Macho mekundu.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye khasa. Mungu akulipe." Akaushika ukingo wa meza. "Lakini mbona hajibiwi?"

"Nani wa kumjibu?"

"Si walikuwapo waitikiaji? Nawakumbuka mie. Alikuwapo mkeo."

"Alikuwapo. Sasa unamkumbuka?"

"Mwenzangu..."

"Nisikilize. Umepata sauti ya mkeo, sikukunyima, kwa ajili yake yeye aliyekuja kwa njia ya migombani. Hiyo yako. Waitikiaji ni wangu. Mie nilipita na jeneza nabisha hodi kwa mji mzima na hakuna aliyesema karibu. Basi kaa usikilize inavyokuwa."

"Ilikuwa siasa," akasema. "Sote tulikuwa wajinga. Viongozi wenyewe wamepeana mikono, wewe umebaki na nini?"

"Wao wamepeana yao. Yangu hujanipa."

"Wataka nini?"

"Wataka nini, wataka nini. Uje mpaka kaburini kwake, umtolee salamu uliyomnyima. Kwa mguu, kwa njia ile ile, upite barazani. Siku hiyo nitawarudisha waitikiaji."

Akaondoka bila kuaga. Na mie sikutegemea aage.

Akatuma mwanawe aje kwa niaba yake. Nikamwambia mwanawe, "Baba yako alipokaa barazani alikalia makalio yake au yako? Basi aje na miguu yake." Akamtuma shehe wetu. Shehe akaja na maneno mazuri, ya kusamehe na fadhila za kusamehe, na mie nilimkalisha, nikamtilia kahawa, nikamwacha amalize.

"Shehe, siku ile ulikuwapo barazani?"

Kikombe kikasimama njiani.

"Maana mie nilikuona," nikasema.

Akainywa kahawa yake yote, taratibu, akaomba ruhusa akaenda zake. Ijumaa ile hotuba ilikuwa fupi.

Wakaanza kunisema. Mzee ana roho mbaya. Mzee anamtesa mzee mwenzake. Nani aliwauliza? Walipokuwa wamekaa na vikombe hawakusema neno, leo wote wamepata ndimi. Na kompyuta nayo ilianza kunitisha, diski inagonga tak, tak, inanyamaza, inagonga tena. Bi Fundi alishaniambia ikigonga hivyo haina umri. Ningeweza kumpelekea aitoe nakala, nami nikafanya hivyo, si mjinga. Lakini hilo sikumwambia mtu. Aliyepita dukani nilimsikilizisha mgongo wa mashine, tak, tak, nikamwambia, "Ikifa hii, waitikiaji wamekwenda." Na Konde habari haihitaji gari.

Akaja. Asubuhi ya siku ya soko, watu wamejaa, aliichagua yeye siku hiyo au hakuifikiria, sijui. Alikuwa amevaa kanzu safi. Akasimama mlangoni, akasema, "Haya. Twende."

Nikafunga duka, tukatoka. Sikumshika mkono. Anakwenda kwa mkongojo na mie nakwenda nyuma yake kidogo, kwa njia ile ile, na kila tunapopita watu wanasita, muuza ndizi kaacha kuhesabu. Tulipofika barazani walikuwapo, wale wale waliobaki, wazee kama sisi. Mmoja akainuka. Kisha mwingine. Kisha wote, hata yule asiyeweza kusimama bila kushikwa alishikwa akasimama. Hapakuwa na jeneza. Walikuwa wamechelewa, nami nikawatazama mmoja mmoja ili wajue nimewahesabu kwamba wamechelewa.

Kaburini alisimama miguuni pake. Akasema salamu, lakini kwa kunong'ona, ndevu zinatikisika.

"Paza sauti," nikamwambia. "Ulipokuwa unavunja kaseti ulisikika mpaka sokoni."

Akanitazama. Nilidhani atanipiga na mkongojo, na wallahi ningemheshimu zaidi. Akavuta pumzi.

"Assalamu alaykum, bibi!" Sauti ikamkatika, akaiunga. "Mie ni mume wa shoga yako. Siku yako sikuinuka. Leo nimekuja."

Akanyanyua mikono, akasoma Fatiha, na mie nikaisoma naye, maana ya kwake ilikuwa ya mke wangu. Hakuna aliyelia. Kunguru walikuwa wanagombana mwembeni. Wakati wa kurudi alichoka, akaniomba bega, nikampa. Nilimpa ili ajue lilivyo bega la mtu aliyebeba bila kupokewa.

Neno langu ni neno. Siku ile ile nikaiwasha mashine, gitaa la chungwa likatokea, nikafungua wimbo wa hodi. Nikawarudisha waitikiaji. Dufu nikaliacha mahali pake. Nikamrudisha mke wangu. Kisha nikamshika yeye kwa mausi, nikampandisha. Nikampandisha tena. Nikamweka juu ya waitikiaji wote, juu ya dufu, karibu sawa na mwanzilishi mwenyewe. Na ule ukimya wa mwanzo, wenye "Ushawasha wewe?", kwenye nakala yake nikaukata. Huo ni wangu.

Alipokuja kuisikiliza, alikaa kwenye kiti changu. Mkewe akabisha hodi, na mke wangu akamjibu kwa sauti iliyojaa chumba, *karibu mkeka chini, karibu ukae nasi.* Akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mkongojo. Akageuza kichwa.

"Mkeo umempandisha sana," akasema.

"Nimempandisha."

"Zamani hakuwa juu hivyo."

"Zamani hukuwa unasikiliza."

Akaitia flashi mfukoni, akasema ahsante, akatoka. Sijamsamehe. Watu wanapenda niseme nimemsamehe, lakini mie ninaandika yaliyokuwa. Nilitaka kitu na nimekipata, basi.

Sasa nikipita njia ya kwake alasiri, nasikia wimbo unatoka dirishani. Ameununulia spika. Kila wake anapobisha hodi, wangu anaitikia, juu, mpaka barabarani. Akiona ni kero, anataka apunguzwe, duka langu analijua lilipo, na salamu sasa anaijua.